Kioo cha Kamanda

Mimi nimewahi kuwa punguani, tena punguani wa karatasi. Karatasi yenyewe ninayo hadi leo, imekunjwa mara nne na imelainika kama leso kuukuu. Ina jina langu na umri wangu, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba akili yangu iko nyuma ya umri, kwamba situlii, na kwamba nipelekwe shule maalum ya bweni. Muhuri upo. Mtu akinitania kwamba nina wazimu humwambia, ndugu yangu, wazimu wako ni wa kusingiziwa na watu tu, wangu ulipigwa muhuri.

Nimeikumbuka juzi kwa sababu ya harufu ya mafuta ya nywele. Kaka yangu alinipigia simu kwa ile sauti ya kuleta habari za msiba. "Dada, mama ameanza kuchanganyikiwa," alisema. "Unamwongelesha, anakaa tu. Jana nimemuita mara tatu akanipita na ndoo yake kama mtu hanijui. Mke wangu anasema ni akili imeanza kuenda." Nilifunga ofisi yangu ndogo ya mambo ya forodha hapo Malaba, nikashuka Busia hadi Burumba, na kabla sijamuuliza mama neno lolote nilimkalisha chini nimsuke. Kopo la mafuta lilipofunguka tu, harufu ile ilinirudisha darasa la pili. Mama nitamrudia. Acha kwanza niseme habari za mwaka ule.

Tulikuwa tumetoka kuhama Malaba kuja Burumba. Huko mama alikuwa akipika chapati na chai kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na huko hakuna aliyewahi kuona kwamba mimi nina shida ya masikio. Simlaumu mtu. Injini zilinguruma tangu alfajiri, kwa hivyo kila mtu alipiga kelele. Madereva walitoka kila pembe, huyu Msomali, huyu Mganda, huyu Mkongo, na wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji, kwa hivyo waliongea kwa mikono na kwa uso. Vidole viwili juu, chapati mbili. Kidole kikizungushwa hewani, ongeza sukari, ukoroge. Mimi nilikuwa umeme kwa kazi hiyo. Dereva hajamaliza kuinua mkono, sahani iko mbele yake. "Huyu msichana ako chonjo!" walisema, na mama alijaa kiburi hadi kwenye mabega.

Masikio yangu yalikuwa yametoa usaha nikiwa mdogo zaidi. Nyanya aliyatia mafuta ya uvuguvugu, usaha ukakauka, na kwa hesabu za nyumbani kilichokauka kimepona. Mimi nami ningejuaje? Mtoto hapewi masikio ya jirani ayajaribu aone tofauti. Nilijiwekea sheria moja tu ya dunia, na sheria hiyo niliiamini kama vile ninavyoamini kwamba moto huchoma: mtu akikugeuzia mgongo, amemaliza kuongea.

Burumba ndiko sheria hiyo ilikonikaanga. Mwalimu wetu alikuwa Madam Agnetta, mwanamke mpole wa sauti ndogo, mwenye darasa la watoto waliobanana watatu watatu hadi wanne kwa dawati. Aliandika ubaoni akiwa ametupa mgongo, na huku akiandika, kumbe, alikuwa akifundisha. Mimi nilikaa nikingoja amalize aanze. Wakati wa imla alitembea katikati ya madawati hadi nyuma kabisa, na ghafla nikaona wenzangu wote wameinama wanaandika. Nilishangaa sana. Nilidhani ni mchezo wa kubahatisha, kwamba kila mtoto anaandika maneno anayoyapenda na mwalimu atachagua mazuri. Basi nami niliandika ya kwangu: lori, chapati, breki, tairi, sukari. Madam alikuwa amesoma maneno ya shambani. Alishika daftari langu akaliangalia muda mrefu, akanitazama mimi, akalifunga polepole kama mtu anayefunga macho ya maiti.

Nikaanza kutembea darasani. Nilitaka kuona uso wa anayeongea, na nyuso za watoto sabini haziwezi kuonekana kutoka dawati moja. Nilisimama, niligeuka, nilipanda juu ya benchi, nilimshika jirani kidevu nimgeuze kwangu. "Nafula! Kaa chini!" Nilikaa, nikasimama tena. Nilichapwa, nikasimama tena. Ikasemwa kwamba mtoto hatulii. Ikasemwa mama yangu ni Mteso na baba ni Msamia, na shuleni ni Kiswahili na Kiingereza, kwa hivyo lugha zimemvuruga mtoto kichwa. Hilo la lugha lilimwingia baba kabisa. Alikuwa akishinda Port Victoria kununua samaki na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, na aliporudi alitoa amri: nyumbani iwe Kiswahili peke yake. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, akanyang'anywa lugha yake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitii, maskini, isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja.

Ndipo tukapelekwa kwenye kliniki fulani kando ya barabara kubwa, kwa mtu aliyesemekana kujua mambo ya watoto. Nakumbuka kipara chake, kwa sababu ndicho nilichoonyeshwa. Aliinamia fomu yake akauliza, akaandika, akauliza, akaandika. Mimi nilikuwa nikikihesabia kipara nzi. Baada ya muda aliinua uso, na hapo midomo yake ikasema, "Unaitwa nani?" Nikamjibu vizuri. Akainama tena. Mambo yakawa hivyo hivyo hadi mwisho. Huko nje mama alimuuliza Madam Agnetta, aliyekuwa ametusindikiza, maana ya yale yote, na Madam akamwekea mkono begani. Kwenye mfuko wa kaki tulibeba vidonge vyeupe, nusu asubuhi, nusu jioni.

Sasa niseme jambo ambalo bado linanipandisha hasira: vile vidonge vilifanya kazi. Nililala. Nililala juu ya dawati mate yakinitoka, nililala nikila, nililala nikiwa nimesimama kwenye mstari wa asubuhi. Na kila mtu akafurahi! "Ametulia," alisema Madam. "Si unaona?" alisema baba. Dawa ikatulia mwilini, na kutulia kwangu kukawa ushahidi kwamba ugonjwa ulikuwepo. Hakuna aliyefikiri kwamba ukimpa hata ng'ombe dume zile nusu mbili, naye atatulia.

Halafu likaja sanduku. La bati, la bluu, jipya, na kufuli yake. Mama alilileta kichwani akaliweka kando ya kitanda changu, na mimi nikaruka kwa furaha licha ya usingizi. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu changu peke yangu. Niliita watoto wa ploti nzima waje waone. Nilifungua, nikafunga, nikafungua. Mama alikaa mlangoni akinitazama na sikuelewa kwa nini haruki pamoja nami. Lilikuwa sanduku la kwenda bweni, katika ile shule ya mbali ya watoto ambao akili zao zimesemekana kukataa kukua. Ilibaki mama kuweka sahihi. Fomu, ndiyo ile karatasi yenye muhuri, ilikuwa ndani ya Biblia yake, na alitakiwa kuirudisha Jumatatu.

Nilisema kuna mahali pamoja mama hakutii amri ya Kiswahili. Ni wakati wa kunisuka. Kila Jumamosi alikaa kwenye stuli, akaniweka chini katikati ya magoti yake, mgongo wangu kwake, akafungua kopo la kijani la mafuta na kuanza kazi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa saa mbaya kuliko zote za wiki. Mama aliyekuwa na uso mzuri hivyo alikuwa nyuma yangu, kimya, akinivuta nywele. Sheria yangu ilikuwa wazi: haonekani, haongei. Na kama haongei muda wote huo, basi ana hasira nami. Niliamini kabisa kwamba kusukwa ni adhabu ya makosa ya wiki nzima, na niliivumilia meno yakiwa yameumana.

Aliyetuokoa hakuwa mwalimu wala daktari. Alikuwa Kamanda.

Mtu asiyejua Busia ya siku zile hajui akina Kamanda. Walikuwa walemavu wa miguu waliovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakikanyaga pedali kwa mikono. Maafisa wa forodha hawakuwa na tabia ya kuwasumbua, kwa hivyo kila mwanamke mwenye biashara alitaka mzigo wake upite kwa baiskeli hiyo. Kamanda alikuwa amekaushwa miguu na polio, lakini mikono yake ilikuwa ya mpiga ngumi, na mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Mzigo ulifungwa nyuma ya kiti chake, juu kuliko kichwa chake. Na nyuma ya mzigo alikuwepo wa kusukuma, ambaye ndiye aliyekuwa breki pia, maana breki za baiskeli zilikuwa zimekwisha zamani. Yeye aliangalia mbele na kuamuru: sukuma, legeza, shika, simama. Wewe nyuma ulitii sauti.

Ijumaa ile kijana wake wa kila siku hakufika. Mama alikuwa na trei za mayai kutoka ng'ambo, akaniambia nisukume, si mbali. Nilifurahi kupewa kazi. Niliinamisha kichwa, nikaweka viganja kwenye mbao, nikasukuma. Mbele yangu palikuwa na trei za mayai tu, ukuta mzima wa mayai.

Nilichoona mimi ni kwamba baiskeli ilipinda ghafla kama mlevi, ikaingia mtaroni, na mayai yakashuka kama mvua ya mawe. Walichoona wengine ni lori lililokuwa likirudi nyuma, Kamanda akipiga mayowe "Simama! Nafula, shika! Simama, utaniua!", na mimi nikisukuma tu, moja kwa moja, kichwa chini, kuelekea chini ya lori. Akaona heri mtaro.

Watu walijaa. Mama alikuja mbio akashika kichwa. "Woi, huyu mtoto atamaliza watu," mwanamke mmoja alisema. "Si ndio yule wa vidonge? Hawamfungi kwa nini?" Kamanda alikuwa amekaa mtaroni, ute wa yai ukimtiririka masikioni, akitukana kwa lugha nne. Aligeuka anitukane na mimi. Hapo ndipo nikaona midomo yake, na hapo ndipo nikaanza kulia.

Akanyamaza katikati ya tusi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo tena maisha yake yote.

"Nyamazeni," aliwaambia watu. Akanigeuzia mgongo palepale matopeni. Haya nilisimuliwa baadaye, na nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba ni kama niliyasikia. Alisema kwa sauti yake kubwa, "Nafula! Kuja uchukue sambusa, iko kwa mfuko yangu!" Mimi nilibaki nikifuta machozi. Akapaza zaidi, "Nafula, nyoka iko kwa mguu yako!" Nikaendelea kuyatazama mayai. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo akanigeukia, na safari hii hakutoa sauti hata kidogo. Alichezesha midomo tu: kuja uchukue sambusa.

Nikaenda mbio, nikaingiza mkono mfukoni mwake.

"Mama Nafula," Kamanda alisema, na sasa aliongea polepole, "huyu mtoto si mjinga. Huyu mtoto hapati sauti. Anaangalia mdomo."

Mama alikasirika! Alimwambia aache upuzi, mtoto anaongea lugha tatu, tangu lini kiziwi akaongea? Kamanda akamjibu, "Mimi miguu yangu haitembei na bado niko Uganda mara kumi kwa siku. Peleka mtoto hospitali, aangaliwe masikio. Masikio, si kichwa!"

Mama hakulala, najua kwa sababu asubuhi macho yake yalikuwa mekundu na alinibeba mgongoni, msichana mkubwa wa darasa la pili, hadi hospitali ya serikali. Muuguzi wa masikio alikuwa kijana mwembamba mwenye kitochi. Aliniweka kwenye mwanga, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akakaa chini. Kushoto ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, kulia nyuma yake mlikuwa mmejaa maji mazito. Alimuuliza mama ni nani mwingine amewahi kuchungulia humo. Mama akafikiri. Katika miezi ile watu walikuwa wamekagua daftari zangu, ulimi wangu, macho yangu, kabila la wazazi wangu na hata kama nilizaliwa kwa shida. Masikio hakuna.

"Na hivi vidonge ni vya nini?" aliuliza. Alipomaliza kusikia, alivisukuma mbali mezani kwa kidole kimoja, akasema tusiviache kiholela, atatuandikia namna ya kuvipunguza. Kisha akanitazama usoni kabisa, kwa sababu alijua kazi yake, akaniambia, "Wewe ni mwerevu sana. Umefika darasa la pili kwa macho peke yake."

Nilitibiwa miezi mingi. Sikio la kulia lilirudi kwa sehemu kubwa, la kushoto liligoma, na leo navaa kifaa. Fomu haikuwekwa sahihi. Mama aliirudisha kwenye Biblia hivyo hivyo, na sanduku la bluu likawa la unga. Madam Agnetta alinihamishia dawati la mbele. Hakuwahi kusema pole kwa mdomo, nami nimemsamehe, darasa lile lingemshinda hata malaika. Lakini kuanzia wiki ile aliandika ubaoni, akaweka chaki chini, akageuka, ndipo akasoma. Alifanya hivyo hadi nilipotoka darasani kwake.

Kamanda yeye alikuwa na pole ya aina yake. Alifunga kwenye usukani wa baiskeli yake kioo cha pikipiki, akakikunja hadi kikanipata pale nyuma kando ya mzigo. Siku ya kwanza nilipoinua macho nikaona mdomo wake ndani ya kile kioo, nilisimama nikashangaa. Ulikuwa ukienda! Ulikuwa ukienda njia nzima, ukitania maafisa, ukisalimia wanawake, ukiniuliza mimi kama nimekula. Nilimuuliza kama huwa anaongea hivyo kila siku. "Kila siku," alisema kiooni. "Wewe ulidhani nimenyamaza? Mimi?"

Wazo hilo lilinifuata hadi nyumbani. Kama Kamanda alikuwa akiongea wakati wote akiwa amenipa mgongo, ni nani wengine? Jumamosi mama alipochukua stuli na kopo, nilimwambia angoje. Nilikimbia kwa Kamanda nikamwomba kioo. Alikifungua kwa spana bila kuuliza. Nilirudi, nikakaa katikati ya magoti ya mama, nikakiinua mbele ya uso wangu hadi nikampata.

Alikuwa akiongea. Mikono ilikuwa ikisuka na mdomo ulikuwa ukienda, Kiteso, taratibu, kama mtu aliyezoea kutojibiwa. Nilisoma alichosema: "Ni nini kinakusumbua, mama yangu? Niambie."

"Madam hunichapa nikimtafuta uso," nilisema. "Na nataka turudi Malaba. Na wewe unanikasirikia kila Jumamosi."

Mikono ikasimama kichwani mwangu. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, aliniambia kwamba swali hilo alikuwa ameniuliza kila Jumamosi tangu tuhame. Wiki baada ya wiki, na mimi nimekaa kama jiwe. Alikuwa ameshaamini kwamba mtoto wake amefunga moyo, kwamba hampendi, na hicho, kuliko karatasi yoyote, ndicho kilichomfikisha kwenye kushika kalamu. Siku ile alilia juu ya nywele zangu hadi mafuta yakakataa kushika. Mimi nilimtazama kiooni, nikaona kwa macho yangu kwamba hana hasira yoyote.

Kamanda alikataa kurudishiwa kioo. Alijinunulia kingine. Alifariki miaka mingi iliyopita, na hata kazi yake siku hizi si kama ilivyokuwa. Kioo kina ufa kona moja, nacho hukaa kwenye mkoba wangu wa kazi pamoja na ile karatasi.

Basi juzi nilikaa kwenye stuli, mama akakaa chini, nywele zake zimebaki chache na nyeupe. Nilimwongelesha kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikapandisha sauti kidogo. Kimya. Mkono wangu uliingia mkobani wenyewe. Nilimpa kioo, akakishika kwa mikono miwili, akakisogeza hadi macho yake yakanipata, na nikamuuliza kwa Kiteso, midomo wazi, bila haraka: "Ni nini kinakusumbua, mama yangu? Niambie."

Alikikaza kioo mikononi.

"Nilidhani mmechoka kuniongelesha," alisema. "Mnapita tu. Hakuna mtu anasema kitu."

Nilimkumbatia pale pale na mafuta yangu mikononi. Kisha nilimpigia kaka simu, nikamwambia Jumatatu nampeleka mama kwa muuguzi wa masikio, masikio, si kichwa. Na yeye jioni hiyo, kabla ya kula, aje akae mbele ya mama, amsalimie, na asigeuke hadi ajibiwe.